Mwanafunzi akiuliza kwa nini chama kile kile hushinda, mwalimu ajibu nini?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa Uraia katika sekondari ya kata, na kwa mitaala hii mipya nimepewa pia Historia ya Tanzania na Maadili. Juzi tukiwa kwenye mada ya demokrasia, kijana mmoja aliinua mkono akauliza: 'Madam, mbona tangu vyama vingi vianze anashinda chama kimoja tu?' Darasa likacheka, kisha likanyamaza kunisubiri mimi. Nikasema hilo haliji kwenye mtihani, tukaendelea na notisi. Pamoja na kukwepa huko, kesho yake mzazi mmoja akampigia simu mkuu wa shule kulalamika kwamba tunawafundisha watoto siasa. Mkuu aliniita ofisini akaniambia kwa upole tu, 'Madam, fundisha kilichomo kitabuni, siasa tuwaachie wanasiasa.' Tangu siku hiyo nikiingia darasani najiona mwoga. Nikinyamaza naona ninawadanganya watoto, nikisema naogopa kuonekana mpinzani. Je, siasa inafaa kufundishwa shuleni kweli? Na kama inafaa, nifundisheje bila kupoteza kazi?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Umeuliza kama siasa inafaa kufundishwa na namna ya kuifundisha. Lakini nikikuelewa vizuri, kinachokunyima usingizi ni kitu cha tatu: kupachikwa jina la mpinzani kwa sababu tu umemjibu mtoto. Nitaanza na hicho, kwa kuwa mwalimu mwenye hofu hafundishi vizuri chochote, hata jedwali la kuzidisha.

Tuangalie kinachokatazwa hasa. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inavizuia vyama kufungua matawi na kuendesha shughuli zao shuleni na mahali pa kazi. Wewe kama mtumishi wa umma huruhusiwi kupiga kampeni kazini, kuvaa sare ya chama darasani wala kuwashawishi wanafunzi wajiunge na chama chochote. Makatazo hayo nayaunga mkono kwa mikono miwili. Mtoto amelazimika kukaa mbele yako, hawezi kutoka kama anavyotoka mtu mzima kwenye mkutano wa hadhara, na alama zake unazo wewe. Kumhubiria chama katika hali hiyo ni kumwonea.

Ila hakuna katazo la kueleza Katiba, mihimili ya dola, haki za binadamu, vyama na uchaguzi. Mtaala wenyewe ndio unaokuagiza uyafundishe. Mkuu wako anaposema fundisha kilichomo kitabuni, kilichomo kitabuni ni siasa hiyo hiyo, pamoja na usalama barabarani, ambao sijawahi kuelewa ulitumbukizwaje kwenye Uraia. Kwa hiyo swali la kama siasa ifundishwe au isifundishwe limepitwa na wakati. Inafundishwa, na nchi hii imeifundisha tangu uhuru. Kinachobishaniwa ni namna.

Walimu wakongwe wanalikumbuka somo lililoitwa Siasa. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 na Elimu ya Kujitegemea iliyofuata Machi mwaka huo, shule zilipewa kazi ya kujenga raia wa nchi ya kijamaa. Watoto walikariri Azimio, walikariri ahadi za mwana-TANU, na Umoja wa Vijana wa chama ulikuwa na tawi hapo hapo shuleni. Swali kama la mwanafunzi wako lisingeulizwa, maana chama kilikuwa kimoja na ndicho kilichoshika hatamu. Vyama vingi viliporejea Julai 1992, somo lile liliondolewa na Uraia ukachukua nafasi yake.

Watu wa rika langu hupenda kulibeza somo la Siasa lote kwa ujumla, nami naona hilo si haki. Mtoto aliyekariri kwamba cheo ni dhamana na rushwa ni adui wa haki aliondoka shuleni akiwa na kipimo cha kumpimia kiongozi, na wengi walikuja kukitumia dhidi ya viongozi wale wale waliowakaririsha. Kasoro ilikuwa kwamba hakufundishwa kuuliza. Ajabu ni kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika andiko lile lile la Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ijenge kwa kila mtoto akili ya kudadisi na uwezo wa kujifunza kwa wengine, akichukua yanayofaa na kuyakataa yasiyofaa. Somo likachukua ujamaa, udadisi likauacha kwenye karatasi. Majirani zetu Wakenya walipitia njia inayofanana wakati wa Rais Moi, falsafa ya Nyayo ya amani, upendo na umoja ilipoingizwa madarasani kama jambo la kukubaliwa tu.

Historia hiyo inaipa uzito hoja ya wanaosema siasa isifundishwe kabisa. Wanasema mtaala huandikwa na serikali, serikali ina chama, basi somo la siasa halikosi kuelemea upande mmoja. Wanasema pia kwamba walimu wengi hawakufundishwa chuoni namna ya kuongoza mjadala mkali. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo ukilifuta somo, elimu ya siasa haifutiki. Inahamia kijiweni, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye klipu za sekunde thelathini, ambako hakuna anayemuuliza mtoto umejuaje. Isitoshe, inabaki shuleni kwa mlango wa nyuma, kupitia namna shule yenyewe inavyoendeshwa.

Chukua uchaguzi wa viranja. Katika shule nyingi wanafunzi wanachukua fomu, wanajinadi mstarini, wanapiga kura kwenye boksi la chaki lililotobolewa juu. Kisha karatasi zinapelekwa ofisini, na kesho yake anatangazwa kaka mkuu ambaye watoto wote wanajua hakuongoza kwa kura. Walimu wamechuja majina. Labda walikuwa na sababu nzuri tu: aliyeshinda ni mtoro, au ana kesi ya nidhamu. Lakini hakuna aliyeeleza. Somo walilolipata watoto siku hiyo kuhusu uchaguzi linazidi nguvu vipindi vyako vyote vya muhula. Kama una ushawishi kidogo kwenye kikao cha walimu, pendekeza uchujaji ufanyike kabla ya kura, kwa vigezo vilivyobandikwa ubaoni, kura zihesabiwe mbele ya mawakala na matokeo yasomwe kwa namba. Hutakuwa umetaja chama chochote, na utakuwa umefundisha siasa kuliko notisi zote ulizowahi kuandika.

Sasa tuje kwenye lile swali. Uliona ni la hatari kwa sababu lilikuja kama donge moja, na donge lile lina maswali ya aina tatu ndani yake. Lipo la ukweli: nini kilitokea? Lipo la sheria na utaratibu: kanuni zinasemaje? Na lipo la tathmini: kwa nini hali iko hivyo, na ni sawa iwe hivyo? Mwalimu anayejua kuzitenganisha aina hizi anaweza kupokea karibu swali lolote bila kutetemeka, kwa kuwa kila aina ina namna yake ya kujibiwa. La ukweli unalijibu wazi bila kuomba radhi. La sheria unafungua Katiba mnasoma pamoja. La tathmini humjibii. Unampa hoja za pande zote kwa nguvu zake, unamwachia kazi ya kupima.

Hebu tulifanye hivyo. Andika ubaoni matokeo ya urais kama yalivyotangazwa na tume. Mwaka 1995, Benjamin Mkapa, asilimia 61.8. Mwaka 2005, Jakaya Kikwete, asilimia 80.28. Mwaka 2015, John Magufuli, asilimia 58.46, na 2020 asilimia 84.4. Mwaka 2025, Samia Suluhu Hassan, asilimia 97.66. Usitie neno. Waulize wanaona nini. Watakuambia chama ni kile kile, lakini watagundua pia kwamba namba zinapanda na kushuka, na swali litaanza kubadilika lenyewe. Mmoja atauliza kwa nini zilishuka 2015. Utamweleza kwamba mwaka ule vyama vinne viliungana chini ya Ukawa vikamsimamisha Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyekuwa ametoka CCM miezi michache tu kabla ya kura. Mwingine atauliza imekuwaje 2025 zikafika 97. Hapo utasema lililo wazi, kwamba Chadema, chama kikuu cha upinzani, hakikuwa na mgombea kwenye karatasi ya kura, baada ya tume kukiengua kwa kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi na chenyewe kushikilia kwamba hakuna uchaguzi bila mabadiliko. Hayo yote ni matukio, hujatoa maoni.

Kisha kanuni. Rais anachaguliwa kwa kura nyingi tu kuliko mwingine, si lazima avuke nusu. Mgombea lazima awe mwanachama wa chama na adhaminiwe nacho. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Wasomee ibara hiyo kwa sauti, halafu waambie Kenya Katiba yao ya 2010 inaruhusu kwenda Mahakama ya Juu ndani ya siku saba, na kwamba Septemba 1, 2017 mahakama hiyo ilifuta matokeo ya urais. Waambie pia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba ibara yetu inakiuka Mkataba wa Afrika. Na kwa haki waambie hoja ya wanaoitetea: nchi inahitaji kujua rais wake ni nani mapema, na mabishano marefu mahakamani yanaweza kuiacha bila utulivu.

Mwishoni ndipo tathmini. Wapo wanaosema CCM hushinda kwa sababu ni chama kilichozaliwa na vyama vya ukombozi, kina mtandao mpaka kwa balozi wa nyumba kumi, watu wanakihusisha na amani na barabara na zahanati wanazoziona, na wapinzani wake wamekuwa wakigawana kura wao kwa wao. Wapo wanaosema uwanja haukuwa sawa: wakuu wa tume huteuliwa na rais ambaye ni mwenyekiti wa chama, mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023, na wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 na ule mkuu wa 2020. Sababu hizi zinaweza kuwa kweli zote kwa wakati mmoja, kila moja kwa kiasi chake. Swali la kuwaachia watoto ni hili: ushahidi gani ukiuona ungekufanya ubadili mawazo? Kijana atakayeweza kulijibu hilo, awe wa kijani au wa rangi nyingine yoyote, umemaliza naye kazi.

Kama swali la matokeo ya urais unaliona bado moto mno kwako, anza na mgombea binafsi. Naipenda mada hiyo kwa sababu mabishano yenyewe yamefanywa na majaji wenye majoho yao, hukuyaleta wewe. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi akidai Mtanzania asilazimishwe kuwa na chama ili agombee. Mwaka 1994 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Lugakingira, ilikubaliana naye. Bunge likabadili Katiba kuzuia. Akarudi, na 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hili ni la kisiasa, waachiwe wabunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikasema Tanzania imekiuka haki zake. Wagawe wanafunzi katika makundi manne: Mtikila, Bunge, Mahakama ya Rufani, Mahakama ya Afrika. Kila kundi litetee uamuzi wake kwa dakika tatu, halafu wabadilishane nafasi. Hiyo ya kubadilishana usiiruke. Mtoto aliyekuwa akimcheka Mtikila akilazimika kumtetea ndipo anapojua kama alikuwa na hoja au alikuwa na kelele tu.

Utaratibu huu sikuubuni mimi. Ujerumani Magharibi ya miaka ya 1970 ilikuwa na ugomvi mkali kati ya watu wa mrengo wa kushoto na wa kulia kuhusu nani awafundishe vijana siasa na vipi, huku kumbukumbu ya jinsi Hitler alivyozitumia shule ikiwa bado mbichi. Mwaka 1976 wataalamu wa pande hasimu walikutana katika mji mdogo wa Beutelsbach karibu na Stuttgart. Hawakuafikiana juu ya siasa yenyewe, ila walikubaliana mambo matatu. Mwalimu asimzidi nguvu mwanafunzi mpaka ashindwe kufikia uamuzi wake mwenyewe. Jambo linalobishaniwa na wanazuoni na wanasiasa lifundishwe kama jambo linalobishaniwa. Na mwanafunzi awezeshwe kuichambua hali ya kisiasa na kuona maslahi yake yako wapi ndani yake. Mambo hayo matatu yanatumika mpaka leo. Uingereza walipita njia ya sheria: Sheria ya Elimu ya 1996 inakataza kupigia chama debe darasani na inazitaka shule kuhakikisha mada za kisiasa zinaelezwa kwa uwiano, kisha mwaka 2002 uraia ukawa somo la lazima katika sekondari za England.

Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu nimewaona walimu wakiruka kutoka kunyamaza wakatua kwenye kosa lingine: kudhani kila kitu lazima kiwe na pande mbili. Si kila kitu. Kwamba Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea Januari 12, 1964 si mjadala. Sababu zake na matokeo yake ndiyo yanayojadiliwa, na kwa darasa lenye watoto wa Unguja na Pemba andaa kipindi hicho kwa uangalifu mara mbili. Kwamba mtu mwenye ualbino ana haki ya kuishi sawa na wewe si mada ya mdahalo, usiiweke hata kwa nia ya kuchangamsha darasa. Uzushi uliokuja na klipu ya simu haupati nusu ya kipindi eti kwa ajili ya uwiano. Kipimo changu ni kuuliza: je, watu wenye taarifa zile zile na nia njema bado wanatofautiana? Kama ndiyo, fungua mjadala. Kama tofauti iliyopo ni kati ya aliyesoma na asiyesoma, fundisha.

Je, useme wewe unaunga mkono nani? Hapana, hata wakikubana. Zipo nchi ambako wataalamu wanabishana juu ya hilo, wengine wakiona mwalimu anayesema msimamo wake waziwazi ni mkweli zaidi kuliko anayejifanya hana. Kwa hapa kwetu, na kwa ajira yako, ushauri wangu hauna kona: kura yako ni siri yako. Ukiulizwa, jibu kwa tabasamu kwamba kura ni ya siri na hilo nalo limo kwenye somo. Kuwa macho pia na njia za kujisahau. Sauti yako ikipanda unaposoma hoja za upande mmoja na kulegea kwenye hoja za mwingine, watoto wamekwishajua.

Najua utaniuliza: haya yote kwa darasa la watoto themanini, vipindi viwili kwa wiki, na mtihani wa NECTA unakuja? Nakubali, mtihani ndio unaowafanya walimu wengi wageuze Uraia kuwa desa. Huwezi kuufanya kila kipindi kuwa mjadala, wala usijaribu. Mara moja kwa mada inatosha. Tumia wawili wawili kwenye dawati kwa dakika tano kabla ya kuongea darasa zima, kwani yule mwoga wa nyuma atasema kwa jirani yake asichoweza kukisema mbele ya themanini. Maswali makali yaandikwe kwenye vipande vya karatasi bila majina, uyachague mwenyewe kabla ya kipindi. Faida yake ya pili ni kwamba hutashtukizwa tena.

Kuna kikwazo kingine ambacho watunga mitaala hawajapenda kukikabili. Uraia wa sekondari umekuwa ukifundishwa kwa Kiingereza. Kijana ambaye nyumbani anabishana kuhusu diwani wake kwa Kiswahili cha kunyoosha, darasani anatafuta maneno mpaka hamu inamwisha, anabaki kunakili ubao. Katika Historia ya Tanzania na Maadili, inayofundishwa kwa Kiswahili, una nafasi usiyoipata kwingine. Itumie hapo kwanza.

Kuhusu kama mijadala inasaidia, upo utafiti mkubwa wa 1999 wa IEA, shirika la kimataifa linalopima mafanikio ya elimu, uliochukua vijana wa miaka 14 wapatao 90,000 katika nchi 28. Waliosema darasa lao linawaruhusu kutoa maoni kwa uhuru walielekea kuujua uraia zaidi na kuwa na nia kubwa zaidi ya kupiga kura wakifika umri. Hakuna nchi ya Afrika iliyokuwamo, na mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limeleta jingine, kwa hiyo siuchukulii kama msahafu. Lakini unalingana na ninachokiona kwa walimu ninaowatembelea.

Jambo moja nilitenge peke yake. Baada ya yaliyotokea Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, watu wakapoteza maisha, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, watoto wengi walirudi shuleni wakiwa na mambo vifuani. Huenda darasani mwako yupo aliyefiwa, na pembeni yake yupo mtoto wa askari. Usigeuze siku zile kuwa mdahalo wa makundi mawili. Mtoto mwenye uchungu hahitaji kutetea hoja, anahitaji mtu mzima atakayemsikiliza faragha. Darasani, ukiulizwa, sema yanayojulikana, sema kwamba iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na sema kwamba kila aliyekufa ana watu waliomlilia. Ukiona mtoto amebadilika, hapati usingizi, haongei, au ameanza kutoroka, mpeleke kwa mwalimu wa ushauri na unasihi, na ikibidi ongea na wazazi kuhusu hospitali. Hilo si la somo la Uraia tena.

Nimalizie na mkuu wako na yule mzazi. Mkuu wa shule hakukukaripia, na hiyo ni nafasi. Usimwendee na hoja za haki yako ya kusema. Mwendee na andalio la somo, umwonyeshe mada iliyomo kwenye muhtasari, vipengele utakavyofundisha, maswali utakayouliza na vyanzo: Katiba, matokeo ya tume, hukumu za mahakama. Mwambie unataka aione kabla ya kipindi, na akipata nafasi aketi nyuma asikilize. Wakuu wengi wanaogopa simu za ghafla kuliko wanavyoogopa mada. Ukimpa cha kumjibu mpigaji, atakuwa upande wako. Mzazi naye mwombe mkuu amwite mzungumze watatu. Mkaribishe, msikilize amalize, usimkatize. Mara nyingi nyuma ya malalamiko kuna mzazi anayeogopa mtoto wake asije akaropoka mahali pabaya akapata matatizo. Hofu hiyo ina msingi, iheshimu. Mweleze unamfundisha kijana kutofautisha alichokiona, alichokisikia na anachokifikiri, na mwonyeshe daftari.

Likija jambo zito zaidi ya hapo, usibaki peke yako na ushauri wa mtu kama mimi aliye mbali. Ukitatizwa na mipaka ya mada, waulize wathibiti ubora wa shule wa wilaya yako au afisa elimu taaluma, na uulize kwa maandishi ili upate jibu la maandishi. Ukiletewa barua ya kukutaka ujieleze, usiijibu siku hiyo hiyo kwa hasira. Soma umepewa siku ngapi, nenda kwa mwakilishi wa chama chako cha walimu, na ikionekana shauri linaelekea Tume ya Utumishi wa Walimu, tafuta wakili au kituo cha msaada wa kisheria akusomee barua kabla hujaweka saini. Ukitishwa na mtu wa chama chochote, mjulishe mkuu wako siku ile ile na uandike tarehe, saa na maneno yaliyosemwa. Maandalio ya masomo yenye saini ya mkuu yatolee nakala, moja ibaki shuleni na nyingine nyumbani kwako.